Upasuaji wa urembo wa shingo: upunguze mwili lini, ukatwe lini

Daktari wa upasuaji hufanya kazi na shingo uliyoingia nayo siku hiyo. Hukata ngozi iliyozidi, kisha huishona iliyobaki ilingane na mafuta na misuli iliyo chini yake. Kilo zikiendelea kushuka baada ya hapo, mafuta hupungua lakini ngozi hubaki na urefu uleule, hivyo hulegea tena. Kilo zikipanda, mafuta yaliyoachwa hunenepa na kuitanua upya. Kwa hiyo fika kwanza kwenye uzito unaouweza, ukae nao, ndipo uombe tarehe. Kosa la kawaida ni kuomba tarehe wiki ileile mizani inapoonyesha namba uliyokuwa ukiitafuta.

Kwanza ujue kilichojaa shingoni

Kidevu cha pili hakitokani na mafuta peke yake. Chini ya ngozi kuna tabaka la mafuta, halafu msuli mpana na mwembamba uitwao platisma, halafu mafuta mengine ya ndani zaidi pamoja na misuli midogo na tezi za mate. Kupunguza mwili hugusa mafuta. Msuli uliolegea, tezi za mate zilizoshuka, kidevu kifupi au mfupa wa koromeo uliokaa chini, hivyo havibadiliki hata ukishusha kilo 20. Mwenye shingo nene tangu ujana, ilhali mwili wake ni mwembamba, asijitese na njaa kwa ajili ya shingo hiyo.

Jaribu hivi mbele ya kioo. Shika nyama ya chini ya kidevu kwa kidole gumba na cha shahada, kisha kaza meno na uvute pembe za mdomo chini mpaka misuli ya shingo isimame. Ukiwa bado umeshika kipande kinene, mafuta mengi yako juu ya msuli, mahali ambapo mrija wa kunyonya mafuta unafika kwa urahisi. Kikiponyoka ukabaki na ngozi tupu, unene unatoka chini ya msuli, na huo unahitaji upasuaji wa wazi.

Hakikisha pia si rovu. Uvimbe wa mbele ya shingo unaopanda na kushuka unapomeza mate uchukuliwe kuwa wa tezi ya shingo mpaka vipimo viseme vingine. Kipimo cha damu cha TSH (homoni inayoonyesha tezi hiyo inavyofanya kazi) na ultrasound ya shingo vinatosha kuanzia. Tezi inayofanya kazi chini ya kiwango huongeza uzito pia, na mtu anaweza kuhangaika na lishe mwaka mzima akiwa na tatizo linalotibika kwa kidonge. Uvimbe mgumu, wa upande mmoja au unaokua upelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo kabla ya mazungumzo yoyote ya urembo.

Nani asubiri, nani aendelee

Kama umebakiza kilo 2 hadi 4 na uzito huo haujasogea kwa miezi kadhaa, huna haja ya kusubiri. Tofauti hiyo shingoni ni ndogo. Kuanzia kilo 5 zungumza na daktari kabla ya kulipa malipo ya awali. Ukiwa na kilo 10 au zaidi za kupunguza, subiri.

Sababu ya kusisitiza hivi ni hii. Anaponyonya mafuta, daktari makini huacha tabaka jembamba, kama milimita 3 hadi 5, likiwa limeshikamana na ngozi. Tabaka hilo ndilo linalofunika msuli na kuifanya shingo ionekane laini. Ukipoteza kilo 10 baadaye, nalo linayeyuka: katikati panabonyea, na kingo mbili za platisma zinajitokeza kama mistari kutoka kidevuni kwenda chini. Kuziba bonde hilo ni kazi ngumu kuliko kunyonya mafuta, kwani mara nyingi huhitaji kuhamisha mafuta kutoka sehemu nyingine ya mwili na kuishona misuli ikutane.

Kupunguza mwili kunaweza pia kubadilisha aina ya upasuaji wenyewe. Mwenye ngozi inayorudi vizuri anaweza kukuta kidevu cha pili kimeisha, asihitaji kitu. Mwenye umri mkubwa zaidi, au aliyevuta sigara kwa miaka mingi, aliyekuja akitaka kunyonywa mafuta tu, anaweza kubaki na ngozi inayoning'inia. Huyo atahitaji kuinuliwa shingo, mikato ikipita kuzunguka masikio. Gharama, nusu kaputi na muda wa kupona vinabadilika vyote. Makadirio uliyopewa ukiwa na kilo 95 hayafai tena ukiwa na 80, omba upimwe upya.

Lengo lenyewe liwe uzito unaoweza kuishi nao ukila chakula cha nyumbani kwako. Kushuka kupita kiasi huchimba mashavu, na shingo iliyokazwa chini ya uso uliokonda huonekana ngeni.

Hesabu kurudi nyuma

Tuseme kuna harusi katikati ya Desemba, una kilo 92 na unataka 80. Kilo 12 kwa mwendo wa nusu kilo kwa wiki ni wiki 24, yaani miezi mitano na nusu. Ongeza miezi 6 ya kutulia, na miezi 3 ya kupona kabla ya kupigwa picha. Jumla ni miezi 14 na nusu: unaanza mwanzoni mwa Oktoba ya mwaka uliotangulia, unafika kilo 80 katikati ya Machi, unafanyiwa upasuaji katikati ya Septemba. Ukimudu kilo moja kwa wiki, na bado ukatulia miezi 6, unaweza kuanza mwishoni mwa Desemba ya mwaka uliotangulia. Usibane zaidi ya hapo. Ni afadhali uhudhurie na shingo yako ya sasa kuliko na uvimbe na nyuzi nyuma ya sikio.

Miezi 3 ya kutulia ni kima cha chini kwa aliyepunguza kilo chache kwa chakula na mazoezi. Aliyepunguza nyingi, au kwa kasi, akae miezi 6. Ngozi huendelea kujikunja taratibu kwa miezi baada ya kilo kusimama, na ukikatwa mapema daktari atakuwa anakisia.

Jinsi ya kujua kwamba umetulia

Pima mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi baada ya haja na kabla ya kula, kwenye mizani ileile iliyowekwa juu ya sakafu ngumu. Kutulia maana yake namba zote za miezi hiyo ziwe ndani ya kilo 2 juu au chini ya uzito wako. Namba inayoshuka nusu kilo kila mwezi bila kukosa haijatulia, hata kama kwako inaonekana ndogo.

Mara moja kwa mwezi zungusha futi ya fundi cherehani chini kidogo ya koromeo, bila kuikaza. Zaidi ya sentimita 43 kwa mwanamume au 41 kwa mwanamke, hasa kama unakoroma na kuamka umechoka, mwambie daktari wa usingizi (anayetoa nusu kaputi), kwa kuwa pumzi inayokatika usingizini huongeza hatari wakati wa nusu kaputi na saa za kwanza baada yake.

Piga na picha: mbele, pande zote mbili, na moja ukiwa umeinamisha kichwa. Simu iwe umbali wa mita moja na nusu, usawa wa kidevu, mwanga uleule, kichwa kisiinuke. Kuinua kidevu kidogo tu huficha nusu ya tatizo, na ndiyo sababu picha nyingi za kabla na baada haziaminiki.

Ramadhani isihesabiwe katika miezi ya kutulia. Uzito hushuka kwa maji na mpangilio wa kula, halafu futari na sikukuu huurudisha. Chukua vipimo vya kabla ya mwezi na vya wiki nne baada ya Idi. Anayenyonyesha naye asubiri mpaka amemwachisha mtoto na mizani imesimama.

Sindano, puto na upasuaji wa tumbo

Hapa ndipo mipango mingi inapoharibika siku hizi. Sindano zinazopunguza mwili za semaglutaidi (Ozempic, Wegovy) na tirzepataidi (Mounjaro) hupandishwa dozi kwa hatua, na uzito huendelea kushuka kwa zaidi ya mwaka. Miezi ya kutulia ihesabiwe ukiwa kwenye dozi utakayobaki nayo. Ukikusudia kuacha, acha kwanza kwa ushauri wa daktari, halafu ndipo uanze kuhesabu. Katika utafiti mkubwa wa semaglutaidi, waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha walirudisha takriban theluthi mbili ya kilo walizopoteza.

Sindano hizi pia huchelewesha chakula kutoka tumboni. Mtu anaweza kufunga saa zote alizoambiwa na bado akaingia chumba cha upasuaji na chakula tumboni. Akitapika akiwa usingizini kinaweza kuingia mapafuni. Mwaka 2023 chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilishauri sindano ya kila wiki iachwe wiki moja kabla. Mwongozo wa pamoja wa mwaka 2024 uliruhusu wengi kuendelea, na wenye hatari zaidi, kama walio katika kupandishiwa dozi au wanaosikia kichefuchefu, wakae kwa vinywaji tu saa 24 kabla. Mwenye kisukari asiache mwenyewe. La msingi ni kusema wazi kwamba unachoma, hata kama ulinunua bila cheti.

Puto la tumboni, linalowekwa ili ushibe haraka, kwa kawaida hutolewa baada ya miezi 6, mengine 12. Usikatwe shingo puto likiwa ndani. Subiri angalau miezi 3 baada ya kutolewa uone kilo zinakwenda wapi. Baada ya upasuaji wa kupunguza tumbo, subiri miezi 12 hadi 18, na miezi 3 hadi 6 ya mwisho iwe ya kutulia.

Kula kwa ajili ya mshono

Mwili unaokula kidogo hufunga jeraha vibaya. Lenga gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku; mwenye kilo 80 na figo zima anahitaji kama gramu 100. Yai moja lina gramu 6, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15, gramu 100 za kidari cha kuku kilichopikwa karibu 30, na konzi ya dagaa wakavu wa gramu 30 hutoa zaidi ya 15. Anayechoma sindano hushindwa kufikisha kwa kukosa hamu. Ale protini kwanza, ugali au wali baadaye.

Wiki 6 kabla ya tarehe, usijaribu kupunguza tena hata kidogo. Kula kwa kubaki ulipo. Pima wingi wa damu, akiba ya chuma, vitamini B12, vitamini D na albumini (protini ya damu), hasa kama ulifanyiwa upasuaji wa tumbo. Upungufu ukigundulika mapema, wiki hizo zinatosha kuanza kurekebisha.

Wiki za mwisho

Nikotini yote isimame wiki 4 kabla na 4 baada: sigara, shisha, ugoro, hata viraka vya nikotini. Hubana mishipa midogo, na ngozi iliyoinuliwa nyuma ya sikio hukosa damu ikafa na kuwa nyeusi. Hapa hakuna nafasi ya kupatana.

Chai na vidonge vya kupunguza mwili viache kabisa. Vyenye dawa ya kuharisha humaliza potasiamu, jambo linaloweza kuvuruga mapigo ya moyo chini ya nusu kaputi. Baadhi ya vidonge vimekutwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa madhara yake kwa moyo. Aspirini, ibuprofeni, vitamini E, mafuta ya samaki na vidonge vya kitunguu saumu husimamishwa wiki 1 hadi 2 kabla, lakini aspirini uliyoandikiwa kwa ajili ya moyo usiiguse bila daktari aliyeiandika.

Presha ishuke mapema na ibaki chini. Damu kuvilia chini ya ngozi ndilo tatizo linalotokea zaidi, mara nyingi ndani ya saa 24, na wanaume hupata zaidi. Shingo ikivimba ghafla upande mmoja, ikakaza na kuuma, ni dharura ya usiku huohuo.

Ukiwa na keloidi (kovu linalovimba na kukua kupita jeraha), hasa sikioni, sema kabla. Sikio ni mahali pake pa kawaida. Krimu za kung'arisha ngozi zenye steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba. Taja jina la kila uliyopaka shingoni, na uache mapema kwa maelekezo ya daktari.

Baada ya kutoka

Kwa wiki 6 za kwanza usipunguze mwili. Protini ibaki ileile. Lala kichwa kikiwa juu, vaa bendeji ya kubana kama ulivyoelekezwa. Ukifanyiwa nje ya nchi, panga kubaki siku 10 hadi 14 kabla ya ndege, nyuzi ziwe zimetolewa. Uvimbe mkubwa hupungua ndani ya wiki chache, lakini umbo la mwisho huonekana kati ya miezi 3 na 6, kwa hiyo usiihukumu shingo mwezi wa kwanza.

Uzito ukibadilika kilo 5 au zaidi baadaye, usikimbilie marekebisho. Rudi kwenye uzito ule uliokatiwa, ukae nao miezi 3, upige picha zilezile ulizopiga mwanzo, kisha ukaonane na daktari wako. Marekebisho ya shingo kwa kawaida husubiri miezi 6 hadi 12 tangu upasuaji wa kwanza, makovu ya ndani yakiwa yamelainika.