Somo: Mimea ya ndani isiyosumbua, kuanzia kuchagua hadi kuipanga sebuleni

Wapendwa, leo tuingie ndani ya nyumba. Wengi mmeomba somo la maua ya sebuleni, na karibu kila ombi linakuja na lalamiko lile lile: "Mwalimu, mkono wangu hauoteshi, kila nikinunua ua linakufa." Mkono wako hauna tatizo. Mimea mingi ya ndani hufa kwa maji mengi, na mara nyingi anayeiua ni yule anayeijali zaidi. Kwa hiyo tutachagua mimea inayovumilia kusahauliwa, halafu tujifunze kuiacha ipumue.

Kabla ya hatua, niweke jambo moja sawa. Tunaambiwa sana kwamba mimea husafisha hewa ya nyumba. Habari hiyo ilitokana na utafiti wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, wa mwaka 1989, ambapo mimea ilifungiwa kwenye visanduku visivyopitisha hewa. Nyumba zetu zina madirisha. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2019 yalionyesha kwamba ili mimea ifanye kazi sawa na hewa inayoingia na kutoka yenyewe kwenye jengo, ungehitaji kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita ya mraba. Ukitaka hewa safi, fungua dirisha.

Faida ya mmea iko kwenye macho na moyo. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha matokeo kutoka hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani: wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa nyongo na kulazwa vyumba vyenye dirisha la kuona miti walitoka mapema zaidi, na walihitaji kiasi kidogo cha dawa kali za maumivu kuliko wenzao waliotazama ukuta wa matofali. Hiyo ilikuwa miti ya nje, si vyungu, lakini mimi naamini jani bichi mbele ya mtu aliyechoka lina kazi yake.

Hatua ya 1: Pima mwanga

Saa sita mchana weka karatasi nyeupe pale unapotaka chungu kikae, kisha nyoosha kiganja juu yake. Kivuli kikionekana vizuri na vidole vinahesabika, mwanga ni mwingi. Kikiwa na ukungu, ni wa wastani, na mimea ya somo hili itakaa hapo vizuri. Kivuli kisipoonekana kabisa, weka taa au picha, usiweke mmea.

Hatua ya 2: Chagua mmea

Anza na sansevieria, ile yenye majani marefu yaliyosimama wima, magumu, yenye mabaka ya kijani. Ni ndugu wa yale "makonge" mafupi yanayoota porini kwetu. Inavumilia kona, inavumilia feni, inavumilia wewe kusafiri.

Ya pili ni Zamioculcas, ambayo wauzaji huiita ZZ. Watu huinunua kama mmea wa kigeni kwa sababu ya majani yake yanayong'aa, kumbe asili yake ni Afrika Mashariki hadi Afrika Kusini, Zanzibar ikiwemo. Ukiing'oa utaona chini ina viazi vinene. Humo ndimo inamoweka maji ya kiangazi, na ndiyo maana ukiimwagilia kila siku vinaoza.

Ukitaka inayoning'inia, chukua pothosi, yenye majani ya umbo la moyo, au Chlorophytum yenye majani membamba ya mistari myeupe, inayozaa vitoto kwenye vikonyo virefu.

Hatua ya 3: Chungu na udongo

Chungu lazima kiwe na tundu chini. Ndoo ya rangi iliyooshwa inafaa kabisa, toboa kwa msumari wa moto matundu manne au matano. Usimwage kokoto chini ukidhani zitazuia maji kutuama, hazisaidii. Kinachosaidia ni udongo wenyewe kuwa mwepesi. Changanya sehemu mbili za udongo wenye mboji, moja ya mchanga mnene na moja ya pumba za mpunga zilizochomwa. Finya mkononi ukiwa na unyevu: ukiachia na donge likavunjika kwa kuguswa, uko tayari. Likibaki gumu, ongeza mchanga.

Hatua ya 4: Maji

Hapa tukae kidogo. Sahau ratiba ya "kila Jumamosi". Chomeka kidole hadi kiungo cha pili. Kwa pothosi na Chlorophytum, ukikuta pakavu, mwagilia. Kwa sansevieria na ZZ, subiri chungu kizima kikauke. Kinyanyue, kikavu ni chepesi na mkono utazoea kukitambua. Ukimwagilia, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha umwage yaliyobaki kwenye kisahani. Vikombe viwili vitatu vya juu juu kila siku ndivyo vinavyoozesha.

Kisahani hicho kina jambo jingine. Mbu wa homa ya dengue, ambayo Dar es Salaam tuliipata vibaya 2014 na 2019, huzaliana kwenye maji kidogo yaliyotuama karibu na watu. Usiache maji humo hata wiki moja.

Hatua ya 5: Panga

Mrefu kwenye kona, wa kuning'inia juu ya kabati, na mdogo pale unapokaa kunywa chai. Usiweke chungu mbele ya kiyoyozi. Futa majani kwa kitambaa kibichi, maana vumbi huyazuia kupata mwanga.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Mama mkwe anasema mmea chumbani usiku unamaliza hewa, niutoe?*

Marahaba mwanangu. Mpe mama heshima yake, lakini usiutoe. Mmea usiku hupumua kama sisi, ila kiasi chake ni kidogo sana ukilinganisha na mtu mmoja aliyelala kitanda cha pili. Sansevieria, tena, hufungua vitundu vya majani yake usiku na kuvuta hewa ya ukaa.

*Nina mtoto anayetambaa na paka. Salama?*

Pothosi na ZZ zina chembechembe zinazochoma mdomo na ulimi zikitafunwa, kwa hiyo juu kabisa, mbali na mikono. Dieffenbachia, yenye majani mapana ya madoadoa, isiingie kabisa nyumba ya mtoto mdogo. Sansevieria nayo humtapisha paka. Kwako nashauri Chlorophytum. Haina sumu kwa mtoto wala paka.

*Sansevieria yangu ina majani laini chini na inanuka. Niiongezee mbolea?*

Hapana dada, usiweke mbolea. Itoe kwenye chungu leo. Mizizi mizima ni migumu, ya rangi ya maziwa au chungwa; iliyooza ni ya kahawia na inavuliwa kwa vidole kama soksi. Kata yote iliyooza, acha sehemu nzima zikauke kivulini siku mbili tatu, panda kwenye udongo mpya mkavu, usimwagilie wiki nzima. Ikiwa ni ile ya kingo za njano, ipande kwa kugawa shina la chini. Ukipanda kipande cha jani, watoto watatoka bila njano.

*Niko Lushoto. Lile ua dogo la zambarau la Usambara linafaa kwa anayeanza?*

Kwenu huko linafaa kuliko kwetu pwani. Ndilo ambalo afisa Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka Ulaya mwaka 1892, likaitwa Saintpaulia, na leo liko madirishani duniani kote. Kwa asili huota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu, hivyo lipe dirisha lisilopigwa jua kali. Usimwagie majani maji ya baridi, yatapata madoa. Weka maji kwenye kisahani linywe kwa nusu saa, yaliyobaki umwage. Nunua kwa mkulima anayeotesha mwenyewe, usichimbe msituni. Yale ya porini yamebaki machache.