Kupima densiti ya mbao ya msindano kwa vijiti vya keekee: kutoka shambani hadi kwenye jedwali

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili aliyekuwa akilinganisha familia (miti iliyozaliwa na mti mama mmoja) za msindano aina ya Pinus patula. Matokeo yake ya awali yalionyesha kuwa vipande viwili vilivyokatwa bega kwa bega kutoka mti uleule vinatofautiana kuliko familia zenyewe zinavyotofautiana. Tatizo halikuwa katika miti wala katika takwimu, bali katika namna ujazo wa vipande ulivyopimwa, na kwa sababu hiyo hatua ya tatu hapa chini ni ndefu kuliko nyingine zote.

Tunachotafuta ni densiti msingi, yaani uzito wa mbao iliyokaushwa kabisa kwenye oveni ukigawanywa kwa ujazo wa mbao hiyohiyo ilipokuwa mbichi. Namba hii moja inagusa uimara wa boriti, kiasi cha nyuzi anachopata mwenye kiwanda cha karatasi kutoka kila mita ya ujazo ya magogo, na makadirio ya kaboni iliyomo msituni. Aidha, kwa misindano mingi iliyochunguzwa, densiti hurithika kwa kiwango kikubwa kuliko kipenyo cha shina, kwa hiyo anayechagua miti mama kwa kigezo hiki huona maendeleo katika kizazi kinachofuata, mradi vipimo vyake viwe vya kuaminika.

Hatua ya kwanza: kuchagua na kukagua miti

Pata kwanza kibali cha meneja wa shamba. Katika shamba kubwa kama Shamba la Miti Sao Hill, wilayani Mufindi, Tanzania, hutaruhusiwa kutoboa miti ya jaribio bila maandishi, na ni haki yao.

Kabla ya kushika keekee, yaani chombo chenye mrija wa kutobolea kinachotoa kijiti cha mbao kutoka ndani ya shina, andika afya ya kila mti: rangi ya majani, sehemu ya taji iliyokauka, vidukari kwenye vichipukizi, na utomvu unaotoka kwenye gome. Watafiti wengi wa sifa za mbao huruka jambo hili, nami nalisisitiza kwa sababu mbili. Mti ulioshambuliwa hujenga pete nyembamba, na densiti yake hueleza maradhi yake kuliko nasaba yake. Pili, Afrika Mashariki ina historia inayotulazimisha kuwa waangalifu: Pinus radiata uliachwa kupandwa Kenya na Tanzania kutokana na ugonjwa wa majani unaosababishwa na kuvu aina ya Dothistroma, na Pinus patula, wenye asili ya Mexico, ukapewa nafasi kubwa zaidi. Familia yenye mbao nzito ambayo haihimili magonjwa haifai kuwa mama wa shamba lolote, na daftari linaloonyesha densiti peke yake halitakwambia hivyo.

Acha miti iliyoinama. Upande wa chini wa shina la msindano lililoinama hutengeneza mbao ya mgandamizo, ambayo ni nzito kuliko kawaida na itakudanganya.

Hatua ya pili: kutoboa

Toboa kwenye kimo cha kifua, mita 1.3 kutoka ardhini, ukipima kutoka upande wa juu wa mteremko, na uelekeze keekee kwa upande, yaani kukata mteremko badala ya kuelekea juu au chini yake, ili kupunguza athari ya mbao ya mgandamizo. Kijiti kisichopita kwenye kiini cha mti hakifai, toboa kingine.

Kuhusu ukubwa wa keekee nina msimamo thabiti: tumia ya milimita 12, wala si ya milimita 5.15, ikiwa lengo lako ni densiti. Keekee nyembamba ni nyepesi kubeba na inatosha kwa kuhesabu pete. Lakini kipande chake chenye urefu wa sentimita 2 kina ujazo wa takribani sentimita za ujazo 0.42 tu, hivyo kosa la 0.01 katika ujazo ni kosa la zaidi ya asilimia 2. Kipande cha urefu huohuo kutoka keekee ya milimita 12 kina ujazo wa takribani 2.26, na kosa lilelile linashuka chini ya nusu ya asilimia. Kwa kuwa familia unazolinganisha huenda zinatofautiana kwa asilimia chache tu, hesabu hiyo inatosha kuamua.

Paka nta ya nyuki kwenye nyuzi za skrubu zilizo kwenye ncha ya keekee. Mafuta ya mashine huingia kwenye sampuli. Futa keekee kwa spiriti ya asilimia 70 kati ya mti na mti ili usihamishe kuvu. Mimi sizibi tundu kwa kijiti wala kwa dawa, kwa sababu msindano wenye afya hulijaza kwa utomvu wake wenyewe.

Tia kijiti mara moja kwenye mrija wa plastiki, uzibe ncha zote mbili, andika namba ya mti kwa penseli kwenye karatasi iliyomo ndani ya mfuko, na uweke kwenye boksi lenye barafu.

Hatua ya tatu: kupima ujazo

Kata kijiti katika vipande vya sentimita 2 kuanzia kwenye kiini kuelekea gome, kwa wembe mpya, ukiondoa gome lenyewe. Kisha loweka vipande kwenye maji safi hadi vizame vyenyewe. Kipande kilichokaushwa kwa hewa tu hurudia karibu ujazo wake wa awali kikilowekwa vya kutosha, lakini kilichokwisha kuingia kwenye oveni ya nyuzi 103 hakirudi kikamilifu. Kwa hiyo utaratibu haugeuzwi: ujazo kwanza, oveni baadaye.

Kanuni ya kipimo ni ya Archimedes. Bika (chombo cha maabara mfano wa bilauri) lenye maji huwekwa juu ya mizani yenye usahihi wa gramu 0.001, kipande huchomwa kwenye ncha ya sindano iliyofungwa kwenye kistendi, kisha huteremshwa hadi kizame chote bila kugusa ukuta wala kitako cha bika. Ongezeko linaloonekana kwenye mizani, kwa gramu, ni sawa na uzito wa maji yaliyosukumwa na kipande, na ukigawanya kwa densiti ya maji, ambayo ni gramu 0.997 kwa sentimita ya ujazo kwenye nyuzi 25, unapata ujazo kwa sentimita za ujazo. Maelezo haya yanatosha katika vitabu vingi, lakini hayatoshi mezani.

Jambo la kwanza linaloharibu kipimo ni sindano yenyewe. Maji hupanda kidogo kwenye sindano safi na kuivuta chini, na mvuto huo hupunguza kile mizani inachosoma. Kwa sindano yenye kipenyo cha milimita 0.6, nguvu ya uso wa maji inaweza kufikia takribani gramu 0.014, na sindano ikiwa na mafuta ya vidole nguvu hiyo hupungua au hugeuka. Ukikumbuka kuwa kipande cha keekee nyembamba husoma gramu 0.42, utaona kuwa hapo zimepotea asilimia 3 bila mtu kukosea kusoma. Dawa yake ni kutumia sindano nyembamba kuliko zote ulizo nazo, kuifuta kwa spiriti kila baada ya vipande vichache, kuitia alama ya kina, kuizamisha hadi kwenye alama hiyo bila kipande, kisha ndipo urudishe mizani kwenye sifuri. Kipande kinapozamishwa, sindano ifike kwenye alama ileile. Tone moja la sabuni ya maji ndani ya bika hupunguza nguvu ya uso wa maji, nami hulitumia daima.

La pili ni viputo vya hewa. Kiputo kilichonasa kwenye mkato huongeza ujazo na kushusha densiti. Tazama kipande kupitia ukuta wa bika kabla ya kusoma, na ukiona kiputo, kitoe kipande, kisugue kwa kidole chenye maji, urudie. Maji ya bomba yaliyotoka kufunguliwa yana hewa nyingi. Tumia maji yaliyochemshwa na kupoa.

La tatu ni maji ya juu ya kipande. Kipande kinachochuruzika huongeza maji ndani ya bika na kuonekana kikubwa kuliko kilivyo. Kikifutwa kwa karatasi kavu, karatasi hufyonza maji yaliyomo ndani ya mbao, na kipande huanza kunywa maji ya bika kikiwa kinapimwa. Ishara yake ni namba inayoshuka polepole bila kutulia. Kiviringishe mara moja juu ya kitambaa chenye unyevu, basi. Namba ikiendelea kushuka hata hivyo, kipande hakijalowa vya kutosha. Kirudishe kwenye maji na usijaribu kusoma haraka kabla haijashuka.

La nne ni upepo. Zima feni na kiyoyozi, na usiweke mizani juu ya meza yenye jokofu. Kuhusu kushika sindano kwa mkono badala ya kistendi, sishauri kabisa, kwa sababu mkono hutetemeka na mtetemeko wote huonekana kwenye tarakimu ya tatu.

Pima kila kipande mara mbili, si mfululizo bali baada ya kumaliza vipande vyote vya mti huo. Tofauti ikizidi asilimia 1, pima mara ya tatu.

Ikiwa una vijiti vyembamba tu na hakuna njia ya kurudi shambani, achana na kupima ujazo, utumie njia ya unyevu wa juu kabisa. Loweka vipande chini ya pampu ya kuvuta hewa, ukiiwasha na kuizima kwa zamu, hadi uzito usibadilike tena. Upime uzito huo, kisha ukaushe na kupima uzito mkavu. Gawanya uzito wa kulowa kwa uzito mkavu, toa 0.346, na ugawanye 1 kwa jibu. Kipande chenye gramu 0.475 kilicholowa na gramu 0.167 kilichokauka hutoa densiti ya gramu 0.40 kwa sentimita ya ujazo. Hesabu hii inachukulia kuwa kuta za seli zina densiti ya 1.53 na kuwa hakuna hewa iliyobaki ndani, na sharti hilo la pili ndilo linalohitaji subira.

Hatua ya nne: kukausha

Nyuzi 103, hadi uzito usibadilike, kisha vipoe ndani ya chombo kilichofungwa chenye silika jeli, punje zinazofyonza unyevu, kabla ya kupima.

Kwa miti mikubwa, vipande vya karibu na kiini huwa na utomvu unaoongeza uzito bila kuwa mbao. Viondolewe utomvu kwa asetoni baada ya kupima ujazo na kabla ya oveni. Viache vikae wazi kwenye kabati la kuvuta mvuke hadi asetoni yote iishe, kwa kuwa mvuke wake ukiingia kwenye oveni ya moto unaweza kulipuka.

Hatua ya tano: wastani wa mti

Hapa ndipo vipimo vizuri huharibika kwenye kompyuta. Kijiti kina upana uleule kutoka kiini hadi gome, lakini shina ni duara, na mbao ya nje ni nyingi zaidi. Kwa mti wenye nusu kipenyo cha sentimita 10, vipande vitano vya sentimita 2 vinawakilisha, kwa mpangilio kutoka kiini, asilimia 4, 12, 20, 28 na 36 ya eneo la mkato. Tuseme densiti zake ni 0.36, 0.38, 0.42, 0.45 na 0.47. Wastani wa kawaida ni 0.416, ilhali wastani uliozidishwa kwa maeneo ni 0.439, yaani kilo 23 zaidi kwa kila mita ya ujazo. Mbaya zaidi, kosa hili halilingani kwa miti yote, bali hutegemea densiti inavyopanda kutoka kiini hadi gome katika kila mti, hivyo hubadilisha hata nafasi za familia.

Fanya hesabu hii kwa R, programu ya takwimu, badala ya lahajedwali, ili kila mtu aone ulichofanya, na uhifadhi safu ya kila kipande pamoja na umbali wake kutoka kiini, tarehe ya kipimo, jina la mpimaji na alama ya afya ya mti. Vipande vikavu navyo vihifadhiwe kwenye bahasha za karatasi zenye namba ya mti, kwa maana mwenye kutilia shaka jedwali atataka kuvipima upya. Kama unahitaji pia DNA ya miti hiyo, chukua majani mabichi siku ileile ya kutoboa na uyakaushe kwa silika jeli, kwa sababu vipande vilivyopitia oveni havitakufaa kwa kazi hiyo.