Korveti au meli ya doria? Jinsi ya kuitambua kwa picha tu

Manowari ngeni ikitia nanga Mombasa au Muscat picha zinasambaa, watu wanaanza kubishana, huyu anasema korveti (manowari ndogo iliyojengwa kupigana), yule anasema frigeti (ya kupigana pia, kwa kawaida kubwa zaidi), mwingine anasema hiyo ni ya doria tu, na karibu wote wanapima kwa ukubwa. Achana na ukubwa kabisa. Visby ya Sweden ni korveti kamili na ina mita 73, HMS Tamar ya Uingereza ni meli ya doria na imepita mita 90. Cha kujiuliza ni hiki: ikishambuliwa na manowari nyenzake, ina cha kurudishia?

Sasa fungua picha, ivute iwe kubwa, anza omo (mbele) ushuke taratibu mpaka tezi (nyuma).

Omo utakuta mzinga. Ukiona kamzinga kadogo ka milimita 30 peke yake, kama Tamar, hiyo ni ya doria, mambo yameisha. Ila ukiona ule mkubwa wa milimita 76 usikimbilie kusema korveti, maana Oman wanao kwenye korveti zao za Khareef na wanao pia kwenye meli zao za doria za Al-Ofouq zilizojengwa Singapore. Mzinga mkubwa unatosha kumtisha mharamia au meli ya magendo, vita na manowari ni kitu kingine.

Jibu mara nyingi liko katikati, kati ya mlingoti na dohani (bomba la moshi), na hapa ndo utulie. Tafuta makasha marefu au mapipa yaliyoinuliwa kidogo, kwa kawaida yamepishana, mengine yanaelekea kulia mengine kushoto, hayo ndo makombora ya kupiga meli. Khareef inabeba Exocet 8. Alafu angalia kama kuna vifuniko vidogo vya mraba vimepangwa safu safu kwenye sitaha, humo yanatoka makombora ya kuangusha ndege na makombora yanayoijia meli, Khareef hiyo hiyo ina 12 ya aina ya MICA yanayoruka wima. Al-Ofouq huvikuti vyote viwili. Na jambo moja watu wengi hawalijui, nchi nyingi zinasafiri bila kubeba makasha yote kipindi cha amani, kwahiyo ukiona vyuma vya kuyashikilia viko wazi, hiyo meli bado ni ya vita.

Juu kwenye mlingoti usidanganywe na yale matufe meupe, mara nyingi ni mawasiliano ya satelaiti tu, hata meli za abiria zinayo. Korveti inabeba rada nzito ya kutafuta ndege na vilevile rada ya kuongozea silaha. Ya doria unakuta zaidi vile vijiti vya rada vinavyozunguka vya kuongozea meli.

Tezi haikusaidii sana, sehemu ya kutua helikopta unaikuta kwenye korveti na kwenye za doria pia.

Kuhusu injini, meli ya doria nyingi zinatumia dizeli za kawaida, mwendo noti 20 mpaka 25 hivi (noti ni maili moja ya baharini kwa saa), na mi naona watu wanazidharau bure. Kazi yake ni kukaa baharini muda mrefu kwa gharama ndogo. Tamar na dada yake Spey ziliondoka Portsmouth Septemba 2021 kwenda Bahari ya Hindi na Pasifiki bila kupangiwa bandari ya kudumu huko, mabaharia wanabadilishana meli inabaki kazini. Visby yenyewe inapita noti 35, inasukumwa na maji yanayofyatuliwa nyuma badala ya pangaboi.

Na Visby inataka uangalifu, maana makombora yake yamefichwa ndani nyuma ya milango ili rada ya adui isiione vizuri, hata mtutu wa mzinga unakunjwa ndani. Kwahiyo meli ikiwa laini kupita kiasi, pande zake zimelala mshazari na sitaha haina vitu, usiseme haina silaha.

Pia jina la kwenye karatasi sio ushahidi. Thailand wana meli mbili za doria za ramani moja ya Kiingereza, Krabi haina makombora, Prachuap Khiri Khan iliyofuata 2019 wakaifunga Harpoon, makombora ya kupiga meli.

Mwisho cheki picha ni ya mwaka gani. KNS Nyayo na KNS Umoja za Kenya zilijengwa Uingereza miaka ya 80 zikiwa na Otomat, makombora ya kupiga meli, zikaenda kukarabatiwa Italia, ziliporudi 2011 makombora yalikuwa yametolewa. Sasa mtu akikuletea picha ya zamani akakwambia Kenya ina meli za makombora, mwombe ya baada ya 2011, alafu mwangalie wote pale katikati.