Msingi wenye vipimo sahihi bado unaweza kuwa umepinda

Unapopanga msingi wa mita 12 kwa 9, pande zinazokabiliana zikilingana usianze kuchimba. Hapo una uhakika wa kitu kimoja tu: umbo ni msambamba, yaani lenye pande nne ambazo zinazokabiliana ni sambamba. Pande zake zinabaki 12 na 9 hata kona zikilala, ndiyo maana futi (utepe wa kupimia) inasoma sawasawa na baadaye vigae vinakataa kukaa.

Pima mishazari yote miwili, yaani kutoka kona hadi kona inayoikabili. Msambamba ulioinama una mshazari mmoja mrefu na mwingine mfupi. Mishazari ikilingana, kona zote ni nyuzi 90. Hapa kila mmoja uwe mita 15.

Tuseme umepata 15.20 na 14.80. Wengi huhamisha kigingi kimoja, na hapo ndipo wanapoharibu, kwa sababu pande hazilingani tena. Shika vigingi vyote viwili vya upande mmoja wa mita 12, uvisogeze pamoja kufuata mstari wa upande huo, kuelekea kule kunakofupisha mshazari mrefu. Kiasi: toa mraba wa mfupi kutoka mraba wa mrefu (231.04 − 219.04 = 12), gawa kwa mara nne ya upande (48). Jibu ni mita 0.25, yaani sentimita 25. Hakikisha zile mita 9 zimebaki 9, kisha pima upya.

Mishazari sawa peke yake haitoshi. Hata trapeza (umbo lenye pande mbili tu zilizo sambamba) yenye pande mbili za kando zinazolingana inayo. Pande kwanza. Kwenye mteremko, vuta futi ikiwa usawa wa maji, isilegee.