Namna ya Kumjenga Kiongozi wa Waasi Mwenye Utata katika Mchezo wa Fantasia

Kijana wa Lindi au Mtwara anayetaka kuandika mchezo wa video wa fantasia, wenye kiongozi wa waasi ambaye mchezaji hatajua kama amfuate au ampinge, hana haja ya kutafuta mfano mbali. Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa na Wajerumani huko Kilwa Kivinje mwaka 1895 kwa kuupinga utawala wao, na anakumbukwa kwa ushujaa. Hata hivyo alikuwa mfanyabiashara wa misafara, na katika misafara ile waliuzwa pia watu. Usilitumie jina lake, kwa kuwa dunia yako ni ya kubuni. Jifunze tu jinsi mambo hayo mawili yanavyokaa ndani ya mtu mmoja bila moja kulifuta jingine.

Anza na dhuluma, tena iwe ya kweli. Katika Skyrim, mchezo uliotoka mwaka 2011, kiongozi wa waasi Ulfric Stormcloak ana dai lenye uzito, kwani Himaya anayoiasi imetia saini mkataba unaopiga marufuku ibada ya Talos, mungu ambaye watu wake wanamwabudu. Lakini ukitembea Windhelm, mji anaoutawala yeye mwenyewe, unawakuta Waelfu weusi, jamii ya kubuni ya mchezo huo, wamesukumiwa kwenye mtaa duni na wanatukanwa hadharani. Huhitaji kuhutubiwa kuhusu jambo hilo. Unaliona kwa macho yako njiani, na ndiyo maana linauma.

Kisha amua nani atakayelipa gharama ya uasi. Hapa ndipo waandishi wengi wanapolegea, nami naona ndipo penye kazi kubwa kuliko pote. Mwaka 1905, huko Nandete katika Umatumbi, watu waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima, wakaingia vitani wakiamini kwamba dawa ya maji ingewakinga na risasi. Wajerumani walijibu kwa kuchoma mashamba na maghala, na njaa iliyofuata ikaua watu wengi kuliko bunduki. Lawama ya moto ni ya aliyeuwasha. Hata hivyo, kiongozi wako wa kubuni anayejua kwamba moto utakuja, na bado akawaambia wanakijiji wasiogope, anastahili kuulizwa. Liingize swali hilo katika kanuni za mchezo wenyewe: kila anapolisha jeshi lake, akiba ya ghala la kijiji ipungue, na mchezaji anaporudi akute soko limefungwa na bibi aliyempa malazi hayupo tena.

Kabla ya kuandika mazungumzo, amua pia kama kiongozi huyo anaiamini ahadi yake. Ushauri wangu ni kwamba aiamini, maana mwongo huchosha upesi, ilhali mwenye imani humvuta hata anayemwogopa. Katika Dragon Age II, mchezo mwingine wa mwaka 2011, Anders ni mchawi anayeamini katika uhuru wa wachawi wenzake, na tabibu anayewatibu maskini bure na anayeweza kuwa rafiki wa mchezaji kwa miaka. Humwomba mchezaji amsaidie kutafuta viambato fulani bila kumweleza ukweli wa matumizi yake. Baadaye analipua hekalu kuu la mji wa Kirkwall, na mchezaji ndiye anayetakiwa kuamua hatima yake. Ushiriki wa namna hiyo una nguvu kuliko siri inayofichuliwa mwishoni kwamba kiongozi alitaka tu kiti cha enzi. Siri ya aina hiyo iache, kwa sababu humwondolea mchezaji mzigo wa kuamua.

Mchezo ukiwa tayari, wape watu kadhaa waucheze hadi mwisho, kila mmoja peke yake, kisha waulize walichagua upande gani na ni wakati gani walisita. Ikiwa wote wamechagua upande mmoja bila kusita, usiongeze hotuba. Rudi kijijini na ghalani, urekebishe kile wanachokiona humo.