SOMO: CV ya mhitimu mpya, hatua kwa hatua (soma kabla hujanitumia ujumbe)

Wakuu, wiki hii nimejibu swali hilohilo, "CV naiandikaje?", mara kumi na moja, la mwisho nikiwa kitandani. Naliandika hapa mara moja. Atakayeniuliza tena nitamwelekeza huku.

Hatua ya 1. Jina, simu, barua pepe. Barua pepe iwe ya jina lako, si ile ya utani uliyoifungua ukiwa shule.

Hatua ya 2. Ukurasa mmoja. Wa pili uwepo ikiwa una cha kuweka, si kwa kunenepesha herufi.

Hatua ya 3. Elimu ikae juu, ya karibuni itangulie. Shule ya msingi iache. Utafiti wako wa mwaka wa mwisho ukihusiana na kazi unayoomba, weka kichwa chake na mstari mmoja wa ulichogundua.

Hatua ya 4. Uzoefu. Mnalalamika kuwa hamna, lakini mafunzo kwa vitendo ni uzoefu, kujitolea pia. Shida ni mnavyoandika. Karibu kila CV ninayotumiwa ina sentensi hii: "Nilishiriki katika shughuli mbalimbali za ofisi." Zipi? Kuna dada nilimbana juu ya sentensi hiyo, ikabainika alikabidhiwa kabati la mafaili yaliyovurugika, akayapanga kwa namba na kuyaingiza kwenye kompyuta. Tukaandika: "Nilipanga upya mafaili ya wateja zaidi ya 300 na kuandaa orodha ya kuyatafutia kwa kompyuta." Kitenzi, kiasi, matokeo.

Hatua ya 5. Ujuzi. Hapa niliumbuka mwenyewe, kwa hiyo vumilieni urefu. Niliandika "Excel: mtaalamu". Mtaalamu gani, niliyekuwa najua kujumlisha safu na kupaka seli rangi! Nikaitwa kwenye usaili. Maswali ya mdomo nikayapita vizuri, kisha mama mmoja aliyekuwa pembeni akanigeuzia kompyuta: orodha mbili, moja ya majina ya wateja, nyingine ya malipo, niziunganishe kwa namba ya mteja. VLOOKUP, fomula ya Excel ya kutafuta kitu kwenye orodha nyingine, nilikuwa naijua kwa jina. Nikabahatisha, safu ikajaa #N/A, yaani "hakijapatikana", kuanzia juu mpaka chini. Nakumbuka namba za orodha moja zilikuwa zimeegemea kushoto mwa seli na za nyingine kulia. Miaka ilipita ndipo nikajua maana yake: zile za kushoto zilihifadhiwa kama maandishi, kwa hiyo 1045 ya huku na 1045 ya kule, kwa Excel, ni vitu viwili. Siku ile nilichokuwa nacho ni jasho tu. Yule mama hakunisema. Alichukua kalamu, akarudi kwenye CV yangu na kuanza kuisoma upya, mstari kwa mstari, hata ile iliyokuwa ya kweli.

ONYO: usiandike "mtaalamu". Andika unachoweza kukifanya ukikabidhiwa kompyuta sasa hivi: "Excel: kuchuja data, kuunganisha orodha, kuchora chati." ONYO la pili: ukiandika unajua Kifaransa, jiandae kusalimiwa kwa Kifaransa. Na "mchapakazi, mwaminifu, mwepesi wa kujifunza" futa. Sijaona bado aliyeandika kuwa ni mvivu.

Hatua ya 6. Wadhamini waombe ruhusa kwanza. Mhadhiri akipigiwa simu akauliza "nani huyo?", umekwisha.

Hatua ya 7. Hifadhi kwa PDF, isipokuwa tangazo limetaka Word. Jina la faili liwe lako na nafasi unayoomba, si "CV mpya mwisho kabisa 3". Kisha ifungue, chagua maandishi yote, nakili, bandika kwenye Notepad, ile programu ya maandishi matupu. Waajiri wengi hupokea maombi kwa programu inayosoma maandishi, na violezo vya safu mbili vyenye mapambo huweza kuichanganya. Ukiona namba ya simu imeangukia katikati ya elimu, rudi kwenye mpangilio wa kawaida.

---

Swali: Asante mkuu kwa somo zuri. CV iwe kurasa ngapi?

Jibu: Hatua ya 2.

Swali: Naomba CV yako nibadilishe jina tu, mwisho wa kutuma ni leo usiku.

Jibu: Utabadilisha jina, utasahau namba ya simu, wataniita mimi. Hapana.

Swali: Picha niweke?

Jibu: Inategemea unaomba wapi. Ujerumani bado wengi huweka. Uingereza na Marekani kwa kawaida haiwekwi. Tangazo lisipoitaka, mimi siweki.

Swali: Nadharia tupu. Ajira ni kujuana. Wewe CV yako imekupa nini?

Jibu: Sijaandika popote kuwa CV inatoa ajira. Inakufikisha kwenye usaili, kama ilivyonifikisha mimi nikaumbuke. Na huyo unayejuana naye, neno lake la kwanza litakuwa "nitumie CV yako".

Swali: Hatua ya 4 nimeisoma mara mbili. Nilikuwa mweka hazina wa kikundi cha wanafunzi kwa miaka miwili, ila sikutunza takwimu. Namba nitazitoa wapi bila kutunga?

Jibu: Hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Pekua daftari na jumbe za kikundi: wanachama wangapi, mlichangishana mara ngapi. Usipopata, usitunge, "kila mwezi" inatosha. Kisha jiulize: daftari ulilipokea likiwaje, ukalikabidhi likiwaje?

Swali: Nililipokea na risiti zikiwa kwenye mfuko wa plastiki, hakuna hesabu. Nikaanza kusoma mapato na matumizi kila mwezi mbele ya wanachama. Walikuwa 60.

Jibu: Umeshaandika mwenyewe: "Nilianzisha taarifa ya kila mwezi ya mapato na matumizi kwa wanachama 60." Mfuko wa plastiki usiuandike, utunze kwa ajili ya usaili. Ukimaliza nitumie, nitaipitia.

Mchango: Naongeza moja: hifadheni tangazo. Mimi nilipigiwa simu wiki sita baadaye, limeshaondolewa, sikumbuki hata nafasi niliyoomba. Nikabaki "ndiyo, ndiyo".

Jibu: Hili nilisahau, shukrani. Kila ombi nalifungulia folda yake: tangazo lote, pamoja na CV ileile niliyotuma, kwani CV ya huku si sawa na ya kule.

Swali: Folda unazipa majina gani?

Jibu: Tarehe ya mwisho kwanza, kisha nafasi: "2025-03-14 mhasibu msaidizi". Ukianza na mwaka zinajipanga zenyewe.