Mnatafuta mtoto? Anzeni jikoni miezi mitatu kabla

Wengi wetu tunaanza kula vizuri siku kipimo kikishaonyesha mistari miwili, ndo mtu anakimbilia mboga za majani na maziwa, wakati kuna kazi kubwa imeshafanyika tumboni bila yeye kujua. Mrija wa neva wa mtoto, ule unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, unafunga ndani ya siku kama 28 tangu mimba itunge, na siku hizo wengi bado tunadhani hedhi imechelewa tu. Usipofunga vizuri ndo tunapata watoto wa mgongo wazi, na wengi wao wanapata na kichwa kikubwa juu yake. Kwaiyo cha kwanza kabisa ni vidonge vya foliki asidi, mikrogramu 400 kila siku, anza angalau mwezi mmoja kabla ya kubeba na uendelee mpaka wiki ya 12. Kama ulishawahi kuzaa mtoto mwenye tatizo hilo, au una kisukari, au unatumia dawa za kifafa, dozi yako sio hiyo, muone daktari kwanza. Na tafadhali usiseme mimi nakula mchicha inatosha. Mchicha na maharage vina foleti kweli, yaani foliki asidi ya asili, ila ukichemsha mboga mpaka imelegea afu ukamwaga maji, nyingi umeimwaga nayo.

Wanaume msikae pembeni. Mbegu inachukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa, kwaiyo pombe na sigara za mwezi huu zipo kwenye mbegu za miezi miwili ijayo. Miezi mitatu ya kujiandaa ni ya wote wawili.

Kuna kitu kimoja nikikifikiria nanyamaza kabisa. Mtoto wa kike akiwa bado tumboni anakuwa tayari ana mayai yake yote ya maisha, yaani bibi yako alipokuwa na mimba ya mama yako, lile yai lililokuja kuwa wewe lilikuwa mle ndani, likipata alichokuwa anakula bibi. Na sio hadithi tu. Uholanzi majira ya baridi ya 1944 kuamkia 1945 Wajerumani walizuia chakula, mgao ukashuka chini ya kalori 1,000 kwa siku, na wanawake wenye mimba walikuwemo. Miaka 60 baadae, 2008, watafiti wakawapima waliotungwa kipindi kile cha njaa na kuwalinganisha na ndugu zao wa tumbo moja, wakakuta alama zinazowasha na kuzima jeni zimetofautiana kwenye jeni moja inayohusika na ukuaji. Njaa iliisha ndani ya miezi ila mwili uliibeba miaka sitini.

Sasa tumbo lenyewe. Mtoto anapata bakteria wazuri wa kwanza wa utumbo wake kwa mama, wakati wa kuzaliwa na kwenye maziwa, kwaiyo usiowatunza wewe huna cha kumrithisha. Mwaka 2016 ilitoka kazi moja ya panya walionyimwa nyuzinyuzi, zile sehemu za mimea tusizoweza kuzisaga ila bakteria wanazila, kizazi baada ya kizazi, kila kizazi kikawa kinapoteza aina fulani za bakteria, na walipokuja kurudishiwa nyuzinyuzi baada ya vizazi vinne wengi hawakurudi tena kwa chakula peke yake. Ni panya sio watu, lakini mimi ilinitosha kubadilisha unga ndani. Wahadza wetu kule Ziwa Eyasi wanakula mizizi, matunda pori na ubuyu, na utumbo wao una aina nyingi za bakteria kuliko watu wa mjini waliolinganishwa nao. Hatuhitaji kwenda porini, dona, kunde, maharage, matembele, kisamvu na uji wa ulezi vipo sokoni, ongeza kidogo kidogo tumbo lisikujae gesi, na mtindi pembeni.

Ila dona nina neno nalo, na hapa naomba mnisikilize. Sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, inakaa zaidi kwenye maganda ya mahindi, yaani kile kile tunachokifuata kwenye dona. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na ukiila kidogo kidogo huoni kitu ila inapita mpaka kwa mtoto tumboni, na haiishi kwa kupika. Kwaiyo nunua mahindi makavu kabisa, chambua mwenyewe punje kwa punje kabla ya kupeleka mashine, yaliyovunjika, yenye ukungu au yaliyobadilika rangi tupa, usimpe hata kuku. Karanga hivo hivo.

Mengine ni ya haraka. Acha kununua antibiotiki duka la dawa kwa kila mafua, zinaua na bakteria wazuri. Pima wingi wa damu na minyoo mapema, mimi mimba ya kwanza nilienda kliniki mwezi wa tano damu iko 9, nikahangaika kuipandisha mpaka nakaribia kujifungua. Chai usinywe pamoja na chakula, inazuia madini chuma, subiri saa zima. Na kama unakula udongo wa pemba anza kuacha sasa hivi, ukishabeba hamu inazidi.

La mwisho ongea na mama yako au mama mkwe kabla hajaja kukulea uzazi. Kwenye maziwa yako kuna sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga, zimewekwa mle kulisha bakteria wake wazuri, kwaiyo miezi sita ya kwanza hakuna maji, hakuna uji mwepesi, wala maji ya mchango. Muelewane mapema kwa heshima, maana siku mtoto analia saa nane usiku na wewe una mshono hutakuwa na nguvu ya kumbishia mtu.